Mwanya

Kadi ya mia tatu na sita ilikuwa na neno moja
kwa wino uliovuja: smeuse.
Hutamkwa smyuzi, kama nyuki aliyegonga kioo.
Chini yake, kwa penseli ya mtu mwingine:
Tuppen, mlaza nyua, Sussex. Muulize.

Nikaenda kwa baiskeli, Novemba, soksi zimelowa.
Albion Tuppen alikuwa amepiga goti topeni,
mundu mkononi, akiulaza mti wa miiba
kama unavyomlaza mtoto asiyetaka kulala.
Hakuinua uso.
"Asili ya neno? Mimi najua asili ya sungura.
Anatokea pale."
Akanielekeza kwa kidevu.

Nikainama. Chini kabisa ya ua,
pale ambapo jicho la mtu mzima halina kazi,
palikuwa na mwanya wa ukubwa wa mkate,
kingo zake zimelainishwa
na migongo ya wapitao usiku.
Kwenye mwiba mmoja, unywele wa kahawia.
"Hiyo sasa ndiyo smyuzi," akasema,
na ile s ikapiga mluzi
katika mwanya wa meno yake ya mbele.

Mbwa wa kuwinda akiwa mjinga
hufuata harufu kinyumenyume,
kutoka alipopita mnyama hadi alipolala jana.
Hiyo ndiyo kazi yangu. Nalipwa kwayo, kidogo.

Miaka minne nililinusa neno lile
katika chumba chenye jiko lisilowaka.
Katika vitabu vya wawindaji wa kale
nililikuta bila s, meuse, limejikunyata.
Ng'ambo ya mlango wa bahari, kwa Wafaransa wa zamani,
lilikuwa musse, maficho,
mtoto wa kitenzi cha kujificha.
Basi lilivuka kwa njia za panya,
bila muhuri, bila mzigo,
wakati maneno makubwa, ya mahakama na ya nyama,
yakipokelewa langoni kwa tarumbeta.
Nyuma ya hapo wapo wanaonong'ona: Kigauli.
Nikaenda hatua mbili zaidi.
Majani yalikuwa maji matupu. Harufu ikafa.

Na ile s? Hakuna aliyeiona ikiingia.
Wataalamu wanamshuku jirani wa kaskazini,
smoot, mwenye maana karibu ileile,
kwamba huenda waliwahi kulala zizi moja.
Huenda.
Mimi kichwani nilikuwa na meno ya Tuppen,
lakini meno hayaandikwi kwenye kadi.

Niliporudi, nyua zilikuwa zimeng'olewa kwa trekta.
Mashamba saba yamekuwa shamba moja,
na Albion yuko kanisani, upande wa nje, chini ya nyasi.
Pasipo ua hakuna mwanya.
Sungura siku hizi hupita popote,
na popote haina jina.

Binti yake, Philadelphia, alinipa chai kali
na akaomba radhi kwa kikombe kisicho na mkono.
Nikamwonyesha kadi. Akacheka, akamwita mwanawe,
akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha:
"Keziah, mfungulie mgeni kinywa.
Ona. Meno ya utu uzima yametoka juzi,
yamekuja na smyuzi ya babu yake."

Nilisahau chai.
Nikauliza, kwa sauti ya ofisi,
kama wengine kijijini hulitumia hivyo.
"Hulitumia vipi?" akasema. "Si ndilo jina lake?"

Mtoto alikuwa anatafuna tofaa.
Akanitazama, akapima umbali,
akatema mbegu. Ikapita katikati
bila kugusa jino, ikatua juu ya kadi.

Penye asili niliandika: haijulikani.
Penye maana niliongeza mstari wa pili,
tarehe, jina la msemaji.
Doa la mbegu bado lipo.
Karani mpya ameuliza mara mbili
kama aifute.